Jiwe Tuliloliacha Mahame

Mama Salome, mke wangu,

Usiucheke mwandiko. Nimejifunza herufi kwenye darasa la watu wazima, na hii ndiyo barua yangu ya kwanza. Mwalimu alisema kila mmoja amwandikie mtu anayemkumbuka. Wenzangu wamewaandikia ndugu zao walioko Singida mjini. Mimi nimekukumbuka wewe.

Tumehama. Ulituacha tukiwa kwenye tembe letu, peke yetu na mashamba yetu. Mavuno yalipokwisha tukaambiwa wote tuje kijijini, karibu na barabara ya Mkiwa. Nyumba zimepangwa kwa mstari, milango yote inatazama njia. Ukipiga chafya, mstari mzima unajua una mafua.

Salome hakukubali. Unamjua mwanao: miaka tisa, neno hasemi, na kitu kikihamishwa mahali pake anajigonga kichwa ukutani. Kila asubuhi alitoroka kurudi mahame, kwenye tembe tulilolihama, mwendo wa saa nzima, na mimi nyuma yake. Nilimrudisha mgongoni akiniuma bega. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Shamba la ujamaa nachelewa, nyumbani hakujapikwa. Nikaanza kumchukia mtoto wetu, Mama Salome. Nakuandikia hivyo kwa sababu wewe sijawahi kuweza kukudanganya.

Balozi wetu wa nyumba kumi akasema, "Mfunge huyo, Yohana. Atagongwa na lori." Nikamfunga. Kamba ya ndama, mguuni, kwenye nguzo ya nyumba. Siku ile ya mwisho ulinishika mkono ukaniomba nisimfunge kamwe, nikakubali, na nikamfunga siku mbili. Hakulia. Alikaa anasugua kiganja kwenye udongo, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka ngozi ikachubuka. Mimi nilikwenda kunywa pombe.

Niliporudi nilimkuta Bi Zainabu, yule mliyekuwa mkikutana kisimani. Sasa ni jirani yetu. Alikuwa ameshaifungua kamba bila kuniuliza. Akaniambia, "Shemeji, unajua mkeo alikuwa analia kisimani kila asubuhi? Analia, ananawa uso, ndipo anarudi kwenu."

Sikujua. Miaka yote ile niliona unarudi na mtungi na uso umetulia, nikadhani wewe huchoki. Dada zangu walipokusema kwamba mtoto ameharibika kwa sababu yako, nilinyamaza nikitazama chini. Nisamehe.

Nikamuuliza Bi Zainabu, "Sasa alikuwa anawezaje?" Akasema, "Akirudi alikuwa anasaga." Hapo nikakitazama kiganja cha Salome, nikaelewa. Ulipokuwa unasaga, yeye alikaa kando, mkono ukingoni mwa jiwe, akilisikiliza likitetemeka. Na jiwe tulikuwa tumeliacha mahame, kwa kuwa kijijini kuna mashine ya kusaga.

Nikaazima mkokoteni wa ng'ombe nikalifuata. Nikaliweka mbele ya mlango. Salome akalikimbilia, akaweka kiganja pale pale pake, akangoja. Akangoja sana. Kisha akanitazama, akaanza kujigonga kichwa. Jiwe lililokaa kimya halikuwa na maana kwake.

Unawajua watu wa kwetu, mwanaume hashiki jiwe la kusagia. Baba yangu hakuwahi hata kulisogeza. Na ilikuwa jioni, watu wanatoka shamba la ujamaa, wote wanapita mlangoni kwangu. Nikapiga magoti. Nikamwaga uwele nikasukuma jiwe dogo kama nilivyokuona ukifanya. Mmoja akapaza sauti, "Yohana, umeolewa lini?" Mstari mzima ukacheka. Masikio yaliniwaka moto. Lakini Salome alikuwa ametulia, amefumba macho, mkono wake ukingoni mwa jiwe. Nikaendelea kusaga.

Tangu siku ile nasaga kila asubuhi kabla ya shamba, naye hajarudi mahame. Nikienda shamba anabaki kwa Bi Zainabu. Sisemi mambo yamekwisha. Juzi tuliezeka upya jikoni, akapiga kelele tangu asubuhi mpaka jioni. Nikiona hasira inanipanda, namwita Bi Zainabu amshike, nami naenda kisimani nanawa uso. Na kusaga kwenyewe kunanituliza. Nilidhani ulikuwa unasaga kwa ajili ya ugali tu.

Kinachoniuma ni kwamba ningeweza kusaga ukiwa hai, nawe ukakaa ukapumzika.

Unga wangu bado una chenga, Bi Zainabu ananicheka. Salome anaula hivyo hivyo. Wale wa njiani wamechoka kunitania, na balozi hupita akinisalimu tu. Kamba nimemrudishia ndama. Mwanao sitamfunga tena. Ahadi ya kwanza niliitoa kwa mdomo tu, hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Pumzika, Mama Salome. Usihangaike kuamka kusaga. Nimeshaamka mimi.

Mumeo,
Baba Salome