Draiva ya Skrini Uliyonificha

Mzee Ratib,

Mwongo wewe! Salamu zitafuata, kwanza hilo ulisikie huko uliko. Keshokutwa ni arobaini yako, watu wa kijijini kwako Abuku, kule Koboko, wameshaanza kukusanya kuni na mchele, na mimi nimekaa hapa kwenye ofisi yetu ya uchapaji, kwenye mteremko wa Arua Hill, mbele ya kompyuta yetu kuukuu, nimejaa hasira. Skrini imewaka, Mzee. Orodha yako nimeisoma yote.

Wacha nikueleze kwa utaratibu, maana nikiruka-ruka nitavunja kitu, na leo nimeshavunja kimoja.

Mara ya mwisho kuonana nilikutukana. Unakumbuka? Watu wa Abuku walikuwa wamekuja tena kuulizia majina. Ulikuwa umepita nyumba kwa nyumba, miaka, ukiandika kila mtu aliyeuawa mwaka ule wa themanini, wakati wanajeshi walipokuja Koboko kulipiza kisasi kwa kila boma lililokuwa na mtoto katika jeshi la zamani, la serikali iliyopinduliwa. Wengi walitupwa porini bila sanda. Uliwaahidi jamaa zao kwamba majina yatasomwa kwa sauti na kuombewa. Halafu orodha ikakwama ndani ya kompyuta. Ukiiwasha, rangi zinabingirika, mistari inakatana, kisha giza. Ulisema ni draiva imeharibika, ile programu ndogo inayoifundisha mashine namna ya kuiendesha skrini. "Hii mashine iko na kichwa ngumu," ukawaambia wale wazee, nao wakarudi Abuku mikono mitupu.

Nikakupandishia sauti. Nikakuita mwoga. Nikasema nenda Koboko ukatafute hiyo draiva, au uwaambie watu wako kwamba orodha hakuna. Mimi niliyefundishwa kazi na wewe, kumwambia hivyo mtu wa umri wako! Ukachukua kofia yako ukasema, "Sawa, mutoto yangu. Nitaleta."

Kesho yake ulikuwa unarudi Arua kwa pikapu kutoka kwako Abuku. Vijana wenye bunduki wakatoka kwenye majani marefu, wakampiga dereva risasi kupitia kioo, wakawashusha abiria na kuwalaza kifudifudi barabarani. Mama mmoja aliyenusurika ndiye aliyenisimulia. Walijua zamani ulikuwa askari, wakakuuliza jeshini ulikuwa unafanya nini. Ukasema, "Mimi nilikuwa mutu ya redio." Wakacheka. Kisha wakachukua panga, ili wasipoteze risasi. Nilikuja na lori la kuwachukua. Uso sikuutambua, Mzee. Nilikutambua kwa kidole gumba, lile kovu la kuchomwa na chuma cha kulehemu. Nilikaa palepale kwenye damu nikapiga mayowe mpaka wakaninyanyua, na siku ileile tukakuzika Abuku.

Mama Zaitun, mke wako, alinishika mkono watu walipokuwa wanatawanyika kaburini. Alinishika mpaka kucha zikaniingia. "Candiru, arobaini yake majina yasomwe. Aliapa." Nami nikaapa.

Basi nikaanza upya kutafuta draiva, kama ulivyokuwa ukinituma. Nilipanda mlima huu mpaka karani wa shirika moja akachoka na sura yangu, akanipa diski mbili. Ya kwanza ilitoa michirizi ya kijani. Ya pili ilifanya skrini ipige mluzi, harufu ya kuungua ikajaa chumba kizima, nikachomoa waya kwa kuuvuta kama ninayeng'oa magugu. Mfanyabiashara wa Koboko akaniletea nyingine, imeandikwa jina lilelile lililo kwenye boksi la kompyuta yetu. Nikasema alhamdulillahi, mimi Mkristo wa Pajulu! Haikufaa. Nikajaribu kulifungua faili lako katika ile skrini nyeusi ya herufi tupu, bila rangi. Unajua lilitoa nini? Mioyo. Mishale. Vikatuni vya nyuso zinazocheka, mstari baada ya mstari. Majina ya watu waliochinjwa, na mimi naona nyuso zinanichekea! Nikaipiga skrini ngumi. Kioo hakikuvunjika, vidole vyangu ndivyo vilivyovimba wiki nzima.

Ungeniambia nikalifungue faili kwenye kompyuta nyingine. Nilijaribu. Hapa mjini nani atakubali diski ya mtu aliyekatwa panga iingie kwenye mashine yake? Walinifungia milango, wengine hata kabla sijamaliza kusalimu.

Kosa letu sote lilikuwa moja, kufuata jina la nje ya boksi. Hakuna aliyetazama ndani. Na mimi ndani nisingetazama, kwa sababu yako. "Chuma usiyojua ndani yake, usifungue." Umeniambia hivyo tangu siku ya kwanza, na ukanisimulia habari ya yule rafiki yako aliyeokota kopo kando ya njia, likamlipukia, mkamkusanya kwenye gunia. Watu wa huku hatuhitaji kuambiwa mara mbili. Mtoto wetu hata kopo la maziwa halipigi teke. Kwa hiyo miaka yote nimepangusa vumbi juu ya lile boksi, skrubu zake sijazigusa.

Juzi nikachukua bisibisi. Nilimwambia fundi cherehani jirani asogee mbali, na kweli akasogea, Mzee, amebeba cherehani yake kichwani mpaka ng'ambo ya barabara! Skrubu nne. Nikafumba macho, nikavuta kifuniko. Ndani mlikuwa na vumbi, mjusi aliyekaukia humo, na kadi ya skrini ambayo si ile iliyotajwa nje. Mtu alikuwa ameibadilisha kabla kompyuta haijafika kwetu. Nikaipangusa kwa kidole, nikasoma namba yake.

Namba ile niliijua. Niliiandika mimi mwenyewe, kwa kalamu ya wino, juu ya diski iliyokuja na mashine siku wale watu wa misaada walipofunga ofisi yao wakatuachia. Wewe uliniambia diski ile imeliwa na ukungu, umeichoma moto pamoja na takataka.

Nikaenda Abuku siku hiyohiyo. Nikamuuliza Mama Zaitun habari ya diski. Aliingia ndani, akatoka na furushi la nguo ulizouawa nazo, hazijafuliwa, zimekauka zikawa ngumu. Ndani ya bitana ya koti palikuwa na diski, imefungwa kwenye mfuko wa sukari, pembe moja ina damu. Mwandiko wangu. Mama Zaitun akasema hakujua kwamba ndiyo niliyokuwa naitafuta, ila asubuhi ile uliichomoa darini, ulikoificha wewe mwenyewe, ukakaa nayo mapajani mpaka chai ikapoa. Ukamwambia, "Huyu mutoto atanichukia. Lakini iko haki yake."

Mwongo wewe, Mzee. Mwongo!

Jana niliifuta kwa spiriti, nikaiingiza. Rangi zikatulia. Skrini ikawa safi kama siku ilipokuja, na orodha ikafunguka, safu mbili. Kushoto, aliyeuawa. Kulia, aliyewaonyesha askari nyumba yake. Nikafika kwa jina la mdogo wako, Juma, aliyepigwa risasi mlangoni akiwa na mwanawe mgongoni. Nikatazama kulia. Jina la baba yangu. Nikashuka chini, lipo tena. Nikahesabu kwa kidole juu ya kioo. Mara tisa.

Baba yangu wa Pajulu, aliyekuwa akinunua simsim, ufuta wenu, huko Abuku, aliyejua kila mlango na kila jina. Mimi nilikua nikiambiwa kwamba mwaka ule alikuwa mafichoni Zaire.

Ndipo yote yakanijia. Wewe, unayechapa kwa vidole viwili, ulinifukuza kwenye kiti changu ukaichapa orodha ile peke yako, mimi ukanipa taipureta. Siku ulipomaliza, ndiyo siku skrini "ilipougua." Wewe ndiye uliyeitia draiva isiyo yake. Ulijua kwamba kila asubuhi ni mimi ninayeiwasha. Halafu ukanituma mlimani kuomba draiva ulizojua hazitafaa, nikimaliza viatu! Ukala nami muhogo kwenye sahani moja, ukijua ni nani aliyewaonyesha askari mlango wa ndugu yako. Nilipougua malaria ulinipandisha baiskeli ukanisukuma mpaka hospitali kwenye mvua. Sijui hata nikushukuru au nikufukue kaburini nikutikise. Na ungeiacha diski yako darini, ungekuwa hai. Mimi ndiye niliyekufukuza uifuate. Hilo sitalimaliza kulilia.

Leo asubuhi nilikwenda Pajulu. Baba alikuwa shambani anapalilia. Nikamtajia Juma. Hakukana, Mzee. Alisema askari walimtia mtutu wa bunduki mdomoni, wakamvunja meno mawili. Nikamwambia huyo ni mmoja, na wale wanane? Akasema, "Ya kwanza ndiyo ilikuwa ngumu."

Nikampiga kofi. Baba yangu mzazi. Nikamnyang'anya jembe nikaliinua juu, na Mungu anajua nililiinua kwa ajili ya kichwa chake. Alifumba macho, hakukimbia. Nikalishusha kwenye ardhi karibu na mguu wake kwa nguvu zangu zote, mpini ukavunjika. Alikaa kwenye udongo akalia kama mtoto. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo niliichukia kuliko nilivyomchukia yeye.

Nimerudi hapa. Nilikiweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Ni safu moja tu, Mzee, nani angejua? Majina ya waliokufa yangesomwa, watu wangesema amina, mimi ningerudi kazini. Nilikaa hivyo mpaka fundi cherehani akaja kuuliza kama kompyuta sasa ni salama. Nikamjibu siyo.

Kisha nikachapisha. Printa inapiga kelele kama inachinjwa, lakini karatasi zimetoka safi, safu zote mbili.

Pumzika, Mzee wangu, mwalimu wangu. Asante kwa kunificha, na usinifiche tena. Nakuahidi: keshokutwa nitasimama Abuku mbele ya watu wako, wale ambao kila boma lao lilizaa askari, na nitasoma kushoto na kulia. Nikifika kwa baba yangu nitalitaja jina lake mara tisa, kwa sauti, na sitameza hata moja. Yeye mwenyewe atakuwa amekaa mbele. Amesema atakuja kwa miguu yake. Akibadili nia nitamleta kwa kamba. Watakachotufanya, watatufanya. Mama Zaitun ameniambia nikae ubavuni kwake siku hiyo, na sikumuuliza kama ni kunilinda au kunishika nisikimbie.

Na la mwisho nitawaambia ni nani anayewasomea. Naandika hapa kwanza, nipate kuzoea.

Candiru, binti wa yule uliyemwandika mara tisa.