Namba Ilikuwa Moja, Somo Halikuwa Moja

19 Juni

Shangazi Ofelia,

Naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, na unisamehe kwa kuliandikia gazeti lako kwa mkono, naogopa hata kompyuta ya kazini isije ikanisema. Mimi ni mshauri wa masomo katika chuo kimoja cha jamii hapa Bonde la Kati, kazi yangu ni kuwapangia wanafunzi masomo ya miaka miwili ya kwanza ili wahamie chuo kikuu bila kupoteza kitu, na kuna mama mmoja wa jamii ya wahamiaji ya Wahmong, Pa Houa Lor, miaka thelathini na tisa, mpakiaji wa matunda ya pichi, aliyekuja kwangu mwaka juzi na masomo aliyoyafanya kwenye chuo cha kaunti ya jirani, anataka kusomea uuguzi. Kwenye karatasi yake kulikuwa na Hisabati 11, na kwetu Hisabati 11 ni takwimu, somo ambalo bila hilo huingii uuguzi, nami nilikuwa na watu kumi na wawili wananisubiri koridoni, nikaona namba, nikatia tiki, nikamwambia, "Takwimu umeshamaliza, mama, songa mbele." Kumbe kule kwa jirani Hisabati 11 ni hesabu za biashara.

Shangazi, mama huyu amesoma miaka miwili, asubuhi yuko kwenye banda la kupakia pichi na jioni yuko darasani, akapata nafasi chuo kikuu, akaacha kazi, wenzake wakamkatia keki, na wiki iliyopita chuo kikuu kimemwandikia kwamba takwimu hana na nafasi yake imefutwa, labda akate rufaa kabla ya tarehe 27 akiwa na barua ya chuo chetu inayokiri kwamba alielekezwa vibaya. Barua hiyo ni mimi wa kuiandika. Jumatatu alikuja ofisini na wali wa kunata na soseji alizotengeneza mwenyewe, akaketi, akasema, "Mwalimu, nadhani mimi ndiye sikusoma vizuri yale maelezo. Kiingereza changu si unakijua." Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Hutokea, mama." Akaniomba radhi kwa kunisumbua, akaondoka. Wali ule niliula.

Niko kwenye muda wa majaribio hadi Septemba, na mkuu wa idara ametangaza kikaoni kwamba atakayeharibu tena faili la mwanafunzi asitegemee kuthibitishwa kazini. Mume wangu Efraín anasema, "Wewe nyamaza tu. Mwakani namba zinakuwa moja jimbo zima, takwimu itakuwa takwimu kila chuo, nani atakumbuka haya?" Na ni kweli namba mpya zinakuja, kosa kama langu halitawezekana tena, sasa nijichongee kwa kosa linalokufa lenyewe? Sili, silali. Nifanye nini?

Mtia Tiki, Tulare

*

Mtia Tiki,

Barua yako imefika mezani kwangu tarehe 30. Umeelewa? Ulikuwa na siku nane, kalamu na karatasi, ukajaza kurasa mbili, ukaniletea mimi. Kurasa hizohizo zingekwenda chuo kikuu, Pa Houa angekuwa na rufaa. Mimi sina nafasi ya uuguzi ya kumpa mtu.

Nilipakia zabibu miaka sita kabla ya kuja gazetini, kwa hiyo najua anakorudi. Anarudi kwenye mkanda uleule unaopitisha matunda, waliomkatia keki wanamtazama, na msimamizi ndiye wa kwanza kumtania: "Karibu tena, nesi!"

Kuna jambo moja nakuhurumia. Kukiacha kila chuo kijipangie namba zake, kisha kumrundikia mshauri mmoja watu kumi na wawili koridoni, ni ujinga wa wakubwa zako. Ile tiki ningekutetea. Lakini "Hutokea, mama" sikutetei. Hapo ulimwona mtu anajitwika mzigo wako, ukamsaidia kuuweka begani.

Na huyo Efraín mwambie namba mpya hazirudi nyuma. Zitamfaa atakayejiandikisha mwakani. Pa Houa kashasoma kwa zile za zamani, na nafasi aliyoipoteza ni ya mwaka huu.

Sasa sikiliza. Leo, kabla hujala, andika ile barua na utie saini jina lako, si jina la ofisi. Eleza kwamba rufaa imechelewa kwa sababu yako. Watakataa, nadhani, lakini iandike, kwa kuwa atakapoomba tena itabaki kwenye faili lake. Mtafutie darasa la takwimu la Julai, lile la wiki sita, usimamie mwenyewe mpaka jina lake liingie. Halafu kuna wengine. Ni wangapi walikuja kwako na Hisabati 11 ya chuo kile? Hukuandika hata neno moja juu yao, na hilo limenitisha kuliko yote. Fungua mafaili yao kabla nao hawajaacha kazi. Inawezekana kweli ukafukuzwa, sitakudanganya.

Jumamosi nenda nyumbani kwake, peke yako, usimpeleke Efraín akakusemee. Mwambie hivi: "Mama, wewe ulisoma vizuri. Mimi ndiye sikusoma." Kisha nyamaza, umwache aseme la kwake. Na usithubutu kulia. Ukilia atakubembeleza, na mama huyo amekubembeleza vya kutosha.

Ofelia