Mtandio wa Bibi Harusi

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Mishomoroni. Kifua chako kinaendeleaje, na mvua imewafikia huko? Mimi ni mzima wa mwili. Nakuandikia kwa sababu kwa simu ningelia kabla sijamaliza.

Jirani yangu Bi Rukia anamwoza bintiye. Aliniletea dukani picha ya binti akiwa kichwa wazi, iliyopigwa siku ya hina, wanawake peke yao. Alitaka kuitundika sebuleni, ila kwanza nimvalishe mtandio kwa kompyuta. Alinipa mimi kwa kuwa ni mwanamke.

Ile programu yetu ya bure ya kurekebisha picha hupanga kazi kwa tabaka: picha chini, mtandio juu. Kando ya kila tabaka kuna kijicho kidogo cha kijivu. Ukikibonyeza, tabaka linafichika. Nilikibonyeza cha mtandio ili nilinganishe, mteja akanidai fotokopi, niliporudi nikaitoa picha bila kukifungua. Programu hiyo ukitaka kuifunga tu inakuuliza kama una hakika. Siku hiyo haikuniuliza kitu. Lakini hata mimi sikutazama, nilivyokuwa nikijiona fundi.

Picha ikaenda kuchapishwa mjini, ikarudi imeviringishwa, nikamkabidhi vivyo hivyo. Bi Rukia akaikunjua palepale kauntani, binti kichwa wazi, wanaume wamepanga foleni. Alivua leso mabegani akaifunika. Nilitamani ardhi inimeze.

Tulipotoka nje akaniuliza polepole, "Mwanangu, hao walochapisha huko mjini, ni wanawake?"

Wote ni wanaume, Mama. Nikamwambia ni wanawake.

"Alhamdulillahi," akasema, akanishika mkono. "Basi yamekwisha. Jumamosi uje harusini, ukae na sisi."

Nimeshamchapishia nyingine yenye mtandio, na ile ya kwanza nimewasimamia wale vijana wa mjini mpaka wakaifuta. Aibu haijapungua. Nikisikia sauti yake uani, najifungia ndani.

Nisalimie Baba, na shangazi yangu wa kwaya. Mwambie aache kunisifu kanisani eti najua kompyuta. Leo Bi Rukia ameniletea sahani ya mahamri. Iko mezani chini ya kawa, sijaifunua. Kesho asubuhi nitamrudishia ilivyo, nimwambie ukweli, hata kama Jumamosi sitakaribishwa tena. Niombee.

Mwanao,
Nafula