Picha Kabla ya Arobaini

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Sisi huku mtaani Gerezani hatujambo, na mjukuu wako Mwanne ananyonya mpaka anakoroma. Nimeshika kalamu kwa sababu kila nikipiga simu unakata.

Ile simu kubwa aliyoninunulia mkweo Khalfani usifikiri ni ya anasa tu. Analeta viatu kutoka soko la Mchikichini, mimi napiga picha, nauza nikiwa kitandani na mtoto kifuani.

Lakini ndiyo hiyo hiyo iliyonitia aibu. Ulinikataza nisimwoneshe mtoto mpaka arobaini, ukasema huko kwetu wewe bibi yake ndiye utakayemwona kwanza. Mimi nikamweka kwenye stetasi, kila mwenye namba yangu akamwona. Sitasingizia vidole, mama. Nilitaka kusifiwa, na kweli nikasifiwa. Kumbe wewe na kiswaswadu chako kisichofungua picha uko sokoni Newala, Candida jirani yako anakuuliza mbele za watu, "Bibi gani wewe? Sisi mjukuu tumeshamwona, ana pua ya kwenu." Nikifikiria ulivyosimama pale, natamani ardhi inimeze.

Picha nimeifuta, ila waliomwona wameshamwona.

Arobaini ni Jumapili ya wiki ijayo. Mama mkwe ameshanunua wembe wa kumnyoa. Nimemwambia, "Nisamehe mama, nywele hizi zina mwenyewe, yuko Newala."

Akacheka. "Na asipokuja?"

Nikamjibu, mtoto atakaa na nywele zake mpaka aje.

Mwanao anayekusubiri,
Sabaha