Kura Niliyomnyang'anya Mama Rispa

Mwalimu,

Chumba cha kusomea sasa kinaitwa kwa jina lako. Kibao ni cha shaba, na juu yake wametundika ile picha yako ya kitambaa cha buluu kichwani. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa mbele kabisa, mkurugenzi wa kituo ulichokianzisha, na sikuweza kuinua macho niitazame hiyo picha. Nakuandikia ili uyasikie kwangu mwenyewe.

Ulipotuacha, chuo kikuu kilitangaza kwamba kila kituo cha utafiti kijitafutie pesa. Tungebaki chini ya chuo, ripoti zetu zingeenda seneti kama zamani, lakini mishahara, stima na kazi ya kuhifadhi kanda za sauti tulizorekodi vijijini, hayo tujipange wenyewe. Nilibisha milango, Mwalimu. Niliandika maombi mpaka nikachoka kutusifu. Mvua ya Kitale ikaingia kwenye stoo ya kanda, tukawa tunasukuma makabati kutoka ukuta huu hadi ule. Wenzetu wawili wakaenda kufundisha kwingine. Sikuwalaumu.

Ndipo ukaja wakfu wa familia moja yenye mashamba makubwa upande wa Moi's Bridge. Walikuja kwa adabu. Wangetujengea, wangelipa mishahara, wangehamishia sauti zote kwenye kompyuta. Walichotaka ni viti vitatu kwenye kamati ya uongozi. Na ili kamati isijae watu, wale wawakilishi wawili wa vijijini wawe washauri tu. Waje, wasikilizwe, wasipige kura.

Zile kura mbili ulizozipigania, Mwalimu! Mkubwa mmoja wa chuo alikuuliza watu wa kijijini wataamuaje mambo ya utafiti, nawe ukamjibu kwa ule upole wako wa kutisha: "Huwezi kuchukua sauti ya mtu halafu umfungie mlango." Tulipotoka ukanunua mahindi ya kuchoma pale nje, ukayatafuna mpaka tulipofika kwenye gari.

Mmoja wa wawakilishi hao ni Mama Rispa wa Kabuchai, yule anayeuza mitumba soko la Kiminini na ambaye kicheko chake husikika hadi barabarani. Baba yake ndiye tuliyemrekodi akieleza jinsi walivyofukuzwa shambani, nyumba ikiwaka nyuma yao. Siku ile mzee alikataa kuanza mpaka akamue ng'ombe wake. Mimi nikawa naangalia saa. Ukaninong'oneza, "Wekesa, mtu haharakishwi kwenye uchungu wake."

Shamba alilolitaja mzee yule ni la familia hii ya wakfu. Nilijua. Usidhani sikujua.

Siku ya uamuzi kura ziligawanyika nusu kwa nusu. Katiba ya kituo inasema zikilingana, mwenyekiti ndiye anaamua, na mwenyekiti ni mimi.  Mama Rispa akanigeukia. Hakupaza sauti.

"Sasa Wekesa, mimi nitakuwa nakuja kunywa chai tu?"

Nikamwambia ni kwa muda, mama, mpaka mambo yatulie. Kisha nikainua mkono kuunga mkono wakfu. Alikusanya mkoba wake na leso, akatuaga mmoja mmoja, hata mimi, akaenda.

Tukapata paa jipya. Tukapata mishahara. Na katika kikao cha kwanza cha kamati mpya, kabla hata ya chai, waliamua kanda ya baba yake Mama Rispa iondolewe chumba cha kusomea "kwa uchunguzi zaidi." Hakuna aliyesema uchunguzi wa nini. Wiki iliyofuata msichana mmoja mwanafunzi alitoka Bungoma kuja kuisikiliza. Nilimwambia imeharibika. Mimi, Mwalimu, uliyenifundisha kwamba mwanahistoria akidanganya hata kidogo, heri akalime. Nilimdanganya mtoto wa watu akiwa amekaa chini ya picha yako.

Sikuweza tena kukaa. Jumamosi nilienda Kabuchai. Mama Rispa alinikaribisha vizuri, na hilo ndilo liliniumiza. Akanipikia ugali na kuku, akangoja ninawe, nile, nishibe. Ndipo akawaita wajukuu. "Huyu ndiye amefungia sauti ya kuka yenu, mzee baba yangu," akawaambia, kama mtu anayetambulisha mgeni tu. Watoto wakanipa mkono.

Nilianza kujieleza. Paa, mishahara, wenzangu wenye karo za kulipa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe, walikulipa?"

"Hapana, mama. Ni mshahara wangu tu."

"Basi si ndiyo walikulipa?"

Nikaaga.

Niliporudi Kitale niliita kikao maalum cha kamati, tupige kura upya kuhusu viti vya vijijini. Katiba yako inaniruhusu, na wakfu hawakufurahi. Wamesema kura za vijijini zikirudi, wao wanaondoka. Wenzangu wananipita kwenye korido bila salamu. Nawaelewa. Nilikosea kwa mkono mmoja, na kurekebisha kutawagharimu wao pia.

Kikao ni Alhamisi. Mama Rispa nimemwalika, hajasema kama atakuja. Yule mwanafunzi nimemwandikia ukweli: kanda ni nzima, mimi ndiye niliyedanganya.

Siwezi kukuahidi tutashinda. Ninachokuahidi ni hiki: nitasema mbele ya wakfu kwamba shamba linalotajwa katika kanda ile ni la nani, na kwa nini imefichwa. Kura zikirudi, nitaomba radhi na kuendelea na kazi. Zisiporudi, nitaacha ukurugenzi siku hiyo hiyo, na sitaki waniage kwa sherehe wala zawadi.

Lala salama, Mwalimu wangu. Nisamehe ukiweza. Usipoweza pia, Alhamisi nitasimama.

Wako,
Wekesa