Noti Niliyokuwa Nakuimbia

Baba, shikamoo huko uliko.

Nimeingia kwenye bendi ya chuo! Naanza na habari yenyewe kwa sababu hukuwa na subira na utangulizi, mtu akianza kukusimulia tangu alipoamka ulimkatisha: "Fika basi." Haya, nimefika. Ni bendi ya ala tupu, haina mwimbaji: matarumbeta, trombone mbili, saksafoni na ngoma. Mimi napuliza tarumbeta, na wa kulaumiwa ni wewe.

Unalikumbuka lile lako, uliloachiwa bendi ya harusi ya Mwandiga ilipovunjika? Lilikuwa na vitufe vitatu vya kubonyeza, na cha katikati kilikuwa kimeganda. Wewe, fundi wa injini za maboti uliyeaminiwa na Kibirizi nzima, ulishindwa na kitufe kimoja! Mama akikuchokoza ulijitetea kwamba kipuri chake hakipatikani mjini. Basi ukatafuta njia ya kupitisha nyimbo kwa vitufe viwili vya pembeni, na ajabu ni kwamba karibu zote zilipita. Noti moja tu ndiyo iligoma, ile ti inayofuata la katika do-re-mi.

Hapo ndipo nilipopata kazi. Kila Jumapili baada ya kanisa ulikaa mlangoni, mikono bado inanuka dizeli, majirani wakigeuza dagaa mchangani. Ulipuliza mpaka ilipofika ile noti, ukatoa tarumbeta mdomoni na kuninyooshea kidole, nami nikaiimba kwa nguvu zangu zote: "Tiii!" Kisha ukaendelea. Siku niliyochelewa kwa sababu nilikuwa natafuna muhogo, ulicheka mpaka ukashindwa kupuliza. "Ego, mwana wanje," ulisema kwa lugha ya kwetu, "haya mwanangu, shiba kwanza, wimbo utatusubiri." Nilikuwa na raha, Baba. Nilidhani nyimbo zote duniani hupigwa hivyo, na watu wawili.

Uliponifundisha kupuliza, ulinifundisha hivyo hivyo, kidole cha kati kikiwa juu hewani. Nami sikuwahi kushika tarumbeta jingine mpaka siku ya majaribio hapa chuoni.

Nafasi ilikuwa moja, nasi tulikuwa wanne. Mwalimu wa bendi, mama mmoja mwenye miwani, akanipa tarumbeta jipya na kuniambia nipige chochote. Nikapiga wimbo wako wa Jumapili. Nilikuwa nakwenda vizuri kweli! Ilipofika ti, mikono yenyewe ikashusha tarumbeta, nikafungua kinywa nikaiimba, tena kwa sauti kubwa kama ya utotoni. Kisha nikaendelea kupuliza kana kwamba hakuna lililotokea.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Kijana wa saksafoni akasema, "Dada, hii bendi, siyo kwaya!" Nilitamani sakafu inimeze. Kukosa nafasi niliogopa, lakini zaidi niliogopa kwamba wanakucheka wewe.

Mwalimu hakucheka. "Kidole cha kati kinauma?"

"Hapana, Madam. Tarumbeta la Baba lilikuwa na kitufe kibovu. Hivi ndivyo alivyonifundisha."

Akachukua tarumbeta lake, akajaribu mwenyewe kutoka do mpaka la bila kugusa kitufe cha katikati. Alikosea mara mbili.

"Hii njia aliigundua mwenyewe?"

"Mwenyewe, Madam."

"Basi mzee alikuwa mwanamuziki. Haya, sasa bonyeza hicho cha kati, tusikie."

Nikabonyeza. Ti ikatoka safi kabisa, bila mimi kuiimba. Nilicheka, halafu machozi yakanitoka mbele ya watu wote, maana nilikukumbuka mno. Nafasi nikapewa mimi.

Sasa ni wiki ya tatu ya mazoezi. Kidole cha kati bado kinachelewa, na yule wa saksafoni, ambaye sasa ni rafiki yangu, ananiita Kwaya. Tutapiga kwenye mahafali. Mama ameshashona nguo, na ameshawatangazia wanunuzi wake wote wa dagaa kwamba siku hiyo hatakuwepo.

Jana tulijaza fomu za bendi. Mwisho kabisa kulikuwa na swali: umejifunza muziki wapi, na kwa nani? Wenzangu waliandika majina marefu ya shule na walimu wao. Mimi niliandika Kibirizi, kisha majina yako yote matatu. Mwalimu akasoma, akapiga mhuri.

Pumzika vyema, Baba.

Binti yako