Kona ya Matete

Kaloleni, Arusha
9 Mei 1994

Kaka Fanuel,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Paskalina, na kwamba mvua hizi hazijaiangusha migomba yenu hapo Kikatiti. Sisi huku hatujambo.

Jumapili nilishuka Tengeru na ndoano yangu, nikakaa kwenye bwawa letu tangu asubuhi hadi saa nane. Nilifuata yote aliyotufundisha baba: nyungunyungu wekundu wa chini ya migomba, ndoano ndogo iliyofichwa mwilini mwao isichungulie, mshipi mwembamba, boya la bua, na kivuli changu nisikitupe majini. Perege habugii kama kambale, alikuwa akisema, yeye huonja kwanza; anayevuta boya linapotikisika tu ana haraka ya kurudi kwa mkewe. Subiri lizame kwa mshazari. Kaka, halikuzama ila mara moja. Nilipata kisamaki kimoja tu, urefu wa kidole, nikakirudisha.

Wenye nyavu wamewamaliza. Baba alikataza nyavu kwa sababu perege jike huatamia watoto kinywani, na akiwa nao hali kitu. Ndoano humwacha, wavu haumwachi. Leo ukisema hivyo unaambiwa ni soko huria. Huria ya nani? Wanakuja na pikapu kutoka mjini, wanazoa mama na watoto wake, halafu hayo wanayaita maendeleo!

Lakini sikukaa kukuhubiria. Najua unavyosema, kwamba mdogo wako akikosa wa kubishana naye hubishana na redio.

Binti yako Hedwiga alikuja hapa Jumatano akilia. Ameniambia umeapa kwamba wazee wa jirani yako Yona wakirudi Jumamosi na pombe ya posa, utaimwaga mlangoni. Eti Yona, aliyekuwa akivua nasi, ndiye aliyewaonyesha wenye nyavu kona ya matete pale bwawani, perege wanakojaa, kwa hiyo mwanawe Dismasi haoi kwako. Yona aliapa kwa Biblia, nawe ukamjibu kwamba hata mwizi wa kuku anayo Biblia.

Kaka, Yona hakumwonyesha mtu. Mwaka juzi, magazeti ya watu binafsi yalipoanza, niliandika makala kwa jina la bandia. Nilikasirishwa na fimbo za kuvulia za kigeni zilizojaa madukani, nikataka kuonyesha kwamba nyungunyungu wetu na mshipi wa baba vinazishinda. Ili nishinde ubishi nikalitaja bwawa, nikaitaja kona, nikataja hata mwezi ambao perege hujaa. Wiki ya tatu pikapu zikafika. Nilijua, nikanyamaza. Miaka miwili nimekuacha umpite Yona kanisani bila salamu, mimi ninayewaita wenzangu waoga gazetini.

Mpe Yona barua hii aisome mwenyewe. Jumamosi nitakuwapo. Pombe yao ipokee, unywe. Kama lazima imwagwe, nimwagie mimi.

Nisalimie shemeji, na usipoona haya, mfikishie Mama Dismasi salamu zangu.

Mdogo wako aliyekukosea,
Elihuruma